Mbwa wawili vijana, mmoja mbabe: mwongozo kamili wa kuwalea nyumba moja

Mbwa wawili vijana wakikaa nyumba moja, purukushani haziishi. Wanakimbizana, wanaangushana, wanatafunana masikio, wanangurumiana, na mwenye mbwa anabaki amesimama mlangoni akijiuliza kama huo ni mchezo au ni ugomvi. Wengi huanza na swali hili: kati yao, mkubwa ni nani? Swali hilo liweke kando, kwa sababu hata ukipata jibu halikuelekezi cha kufanya. Lenye faida ni jingine: yule anayelemewa, akitaka kuacha, anaachwa? Karibu kila hatua iliyo hapa chini ni njia ya kuhakikisha kwamba jibu ni ndiyo.

Ili tusichanganyikiwe, mwenye vishindo nitamwita Simba na anayelemewa nitamwita Popi. Kumbuka tu kwamba kuna siku Popi ndiye atakuwa mchokozi.

Habari ya "bosi" ilikotoka

Imani kwamba mbwa wa nyumba moja lazima wapiganie cheo ilitokana kwa sehemu kubwa na utafiti wa mbwa mwitu (kwa Kiingereza wolf) waliofungiwa. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika juu ya mbwa mwitu wa bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, waliokuwa wamefungiwa pamoja na wakigombana kila mara. Miaka mingi baadaye mtafiti Mmarekani L. David Mech aliwafuatilia mbwa mwitu walio huru katika kisiwa cha Ellesmere, Kanada, na mwaka 1999 akaeleza kwamba kundi lao kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Wazazi huongoza kwa sababu ni wazazi, kama ilivyo kwa viumbe wengi.

Ubabe, kwa maana hiyo, si tabia ambayo mbwa amezaliwa nayo. Simba anaweza kunyakua kila mfupa huku Popi akimiliki godoro lililo karibu na mlango na Simba asithubutu kulikanyaga. Wanagombea vitu, nafasi na watu, na vitu hivyo wewe unaweza kuvipanga.

Nalisisitiza hili kwa sababu ile imani ya zamani inaumiza mbwa. Anayeiamini huwaacha mbwa "wamalizane wenyewe", Popi akaonewa kila siku mpaka ajifunze kuuma kwanza, au humkamata Simba na kumlaza chali kwa nguvu ili ajue nani mwenye nyumba. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania uliochapishwa mwaka 2009, 31% ya wenye mbwa waliowahi kumlaza mbwa chali kwa nguvu walisema mbwa aliwajibu kwa ukali. Kati ya waliompiga mbwa kwa mkono au teke, waliojibiwa vivyo hivyo walikuwa 43%. Usimpige, usimlaze, usimng'ang'anie ngozi ya shingo. Unamfundisha tu kwamba mikono yako ni ya kuogopwa.

Hatua ya 1: Tofautisha mchezo na uonevu

Mchezo mzuri una ulegevu. Mwili unapinda huku na huku, mdomo uko wazi bila kukaza, mbwa anainamisha kifua chini na kuacha makalio juu kumwalika mwenzake. Wanapokezana: sasa huyu anakimbiza, baadaye anakimbizwa. Mwenye nguvu hujipunguzia nguvu, hujitupa chini mwenyewe ili mdogo apate kumpanda kifuani. Na kuna mapumziko: wanaachana, wanajikung'uta, wananusa chini kidogo, kisha wanarudiana.

Kunguruma ndani ya mchezo wa namna hiyo hakuna ubaya. Wengi hushtushwa na kelele, kumbe kelele si kipimo. Kinachotakiwa kukusimamisha ni ukimya na ugumu. Simba ameweka kidevu juu ya mabega ya Popi, amefunga mdomo, mkia umesimama wima, macho hayabanduki. Popi ameganda kama jiwe. Hapo una sekunde moja au mbili tu za kuwatenganisha.

Kabla ya kufika huko, Popi huwa ameshasema mara nyingi. Anageuza uso pembeni. Analamba pua wakati hakuna chakula. Anapiga miayo wakati hana usingizi. Weupe wa macho unaonekana pembeni, masikio yamelala nyuma, mkia umeingia chini ya tumbo. Anajipenyeza chini ya kiti au anakuja kusimama katikati ya miguu yako. Analia, na Simba badala ya kuacha anazidisha. Dalili moja peke yake isikutishe, ila zikikusanyika, mchezo umekwisha hata kama Simba bado anafurahi.

Kumpandia mwenzake mgongoni kunawatia watu aibu bure. Mbwa wachanga hufanya hivyo, majike hufanya hivyo, waliohasiwa hufanya hivyo. Mara nyingi ni msisimko uliopita kiasi. Ikitokea mara moja katika mchezo, na Popi akamgeukia wakaendelea, waache. Ikiwa Popi anajaribu kujinasua na Simba anamng'ang'ania, watenganishe.

Sasa jaribio ambalo ningependa kila mwenye mbwa wawili alijue. Wakiwa wanacheza na wewe huna uhakika, sogea taratibu, mshike Simba kwa upole kifuani, umzuie bila kusema neno. Usimtazame yeye, mtazame Popi. Hesabu polepole mpaka tano. Popi akirudi kumchokoza Simba, akainama, akampiga kwa mguu wa mbele, basi alikuwa anaufurahia. Mwachie Simba waendelee. Popi akijikung'uta mwili mzima, akaenda zake kunywa maji au kulala, amekujibu pia. Simba asiachiwe amfuate. Mpeleke kwenye shughuli nyingine. Rudia jaribio hili kila ukiwa na shaka, maana jibu la asubuhi si lazima liwe la jioni.

Hatua ya 2: Wapeleke kwa daktari wa mifugo

Mbwa mwenye maumivu hana subira. Ikiwa ukali umeanza ghafla, au mmoja anakuwa mkali akiguswa sehemu fulani, anza na daktari kabla ya mafunzo. Masikio yenye uchafu, nyonga zinazouma, jino lililovunjika, ngozi inayowasha: yote haya yanaweza kumfanya mbwa mpole amrukie mwenzake aliyempita tu. Kati ya miezi 4 na 7 mbwa hubadilisha meno ya utotoni, fizi zinauma, na kutafuna kunaongezeka. Wapatie vitu salama vya kutafuna, kila mmoja sehemu yake.

Ulizia pia habari ya kuhasi na kufunga kizazi. Inaweza kupunguza ugomvi kati ya madume wanaogombania jike, au msukosuko wa jike anapokuwa kwenye joto. Haitamfunza Simba adabu za mchezo, na umri unaofaa hutegemea mbwa na ukubwa wake, kwa hiyo uamuzi huo ufanye pamoja na daktari aliyemwona mbwa wako. Hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa iko sawa kwa wote wawili. Mbwa wanaogombana huja kumng'ata na mtu anayewaamua.

Hatua ya 3: Ipange nyumba upya

Kila mbwa awe na mahali ambapo mwenzake hafiki kabisa. Inaweza kuwa chumba, kona iliyozibwa kwa kizuizi cha mlangoni, au kibanda. Kizuizi kinachowaruhusu kuonana ni kizuri kwa sababu wanabaki pamoja bila kugusana. Popi akiingia kwake, hapo hafuatwi, wala na watoto. Bila mahali pa kukimbilia, mbwa anayelemewa hubakiwa na njia moja tu ya kumfukuza mwenzake, nayo ni meno.

Chakula kila mmoja ale peke yake, mlango umefungwa, na bakuli ziondolewe wakimaliza. Mifupa na vitu vya kutafuna vitolewe wakiwa wametengana. Mipira na midoli iondoke sakafuni ukiwa hupo. Maji yawe sehemu mbili na vitanda vizidi idadi ya mbwa. Hatua hii watu huidharau kwa sababu haionekani kama mafunzo, lakini ugomvi mwingi wa nyumbani huanzia penye kitu: chakula, mfupa, kitanda, mtu. Kiondoe kitu hicho na umeuondoa ugomvi wenyewe.

Zitazame pia sehemu nyembamba: mlangoni, kwenye korido, chini ya meza, karibu na kochi unapokaa. Mbwa wawili wenye msisimko wakibanana mlangoni mgeni anapobisha, mmoja humgeukia mwenzake kwa sababu tu hakumfikia mgeni. Mgeni akibisha, mbwa waende nyuma ya kizuizi kwanza.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui mpaka liwapate: wakicheza, wavue mikanda ya shingoni. Taya la mmoja linaweza kunasa kwenye mkanda wa mwenzake. Anayenaswa anajizungusha ili ajinasue, mkanda unajisokota, na mwingine anakabwa koo. Wote wawili wanapagawa, na hata mbwa waliokuwa wanapendana wataumizana. Ukitaka wavae wakiwa nyumbani, tafuta mkanda unaofunguka ukivutwa kwa nguvu.

Na ukitoka nyumbani, watenganishe. Hata kama wiki hii yote wametulia.

Hatua ya 4: Usingizi kabla ya mbio

Watoto wa mbwa hulala hadi saa 18 au 20 kwa siku. Kijana wa mwaka mmoja hulala pungufu kidogo, lakini bado anahitaji usingizi mwingi kuliko watu wanavyodhani. Wakiwa wawili, mmoja akiamka humwamsha mwingine, na siku nzima hakuna anayelala vizuri. Ndiyo maana jioni utawaona wamepandwa na wazimu, wanarukiana kochi hadi kochi, na michezo yao inaishia kwa kilio. Mwenye mbwa huona wana nguvu nyingi, anawatoa wakakimbie zaidi, kumbe wamechoka.

Walaze mchana, kila mmoja kwake. Mazoezi yapo, ila yasiwe ya mbio tupu. Matembezi ya taratibu, kamba ikiwa imelegea, mbwa akiruhusiwa kunusa kila kichaka, humtuliza kuliko kurushiwa mpira mara hamsini. Chakula kilichotawanywa kwenye nyasi ili akitafute kwa pua hufanya kazi hiyohiyo.

Hatua ya 5: Kila mmoja na darasa lake

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi hukatia njiani. Mbwa wawili wanaokua pamoja huangaliana wao kwa wao kuliko wanavyokuangalia wewe, hasa wakiwa wa tumbo moja. Ukiwafundisha wote kwa pamoja tangu mwanzo, mmoja anajifunza na mwingine anamfuata mwenzake tu. Kwa hiyo kila siku, kila mmoja apate muda wake na wewe: dakika 5 za mafunzo mara mbili au tatu, na matembezi ya peke yake. Mwingine abaki nyuma ya mlango na kitu cha kutafuna. Hili peke yake linawafundisha pia kuachana bila kulia.

Unahitaji maneno machache, ila yawe yamekolea.

La kwanza ni jina. Taja jina mara moja, akikutazama mpe kitamu, yaani kipande kidogo cha chakula anachokipenda. Fanya hivyo mpaka shingo igeuke yenyewe. Usitumie jina lake kumgombeza.

La pili ni "njoo". Anza chumbani hatua mbili tu, kisha ukumbini, kisha uwanjani, kisha akiwa ananusa kitu. Kila akija alipwe, tena alipwe vizuri. Usimwite "njoo" ukamfungia, atalikimbia neno.

La tatu ni "acha". Shika kitamu ndani ya ngumi. Atanusa, atalamba, atakwaruza. Kaa kimya. Sekunde anayorudisha pua nyuma, sema "acha", mpe kitamu kingine kutoka mkono wa pili. Baadaye kiweke sakafuni chini ya kiganja, kisha bila kiganja, kisha kwa mdoli. Lengo ni kwamba neno hili lifike siku moja hadi kwa Popi: Simba anamkazia macho, unasema "acha", anageuza kichwa kukutazama.

La nne ni "mahali pako", yaani aende kwenye mkeka wake alale. Mwanzo mlipe kwa kukanyaga mkeka, kisha kwa kukaa juu yake, kisha kwa kulala hapo sekunde kumi, dakika, dakika kumi. Ukiniuliza neno moja la kuokoa nyumba yenye mbwa wawili, ni hili.

Kila mmoja akishayajua peke yake, waunganishe. Mtu wa pili akusaidie, au mmoja awe nyuma ya kizuizi. "Simba, kaa", kitamu kwa Simba. "Popi, kaa", kitamu kwa Popi. Kila kimoja kitanguliwe na jina ili wajifunze kwamba kitamu cha mwenzake si chao, na kwamba kusubiri hakuwanyimi kitu. Simba akijipenyeza mbele, usimsukume wala usimfokee. Kitamu kinafichwa, unangoja atulie, unaanza upya. Msimamo wangu ni kwamba asianzwe mmoja kila siku kwa sababu ya "ukubwa". Leo anza na yule aliyetulia.

Hatua ya 6: Uamuzi wakati wa mchezo

Wasicheze bila mtu mzima kuwaangalia kwa sasa. Simba avae mkanda wa mwili wa kifuani wenye kamba nyepesi isiyo na kitanzi mwishoni, anaikokota sakafuni; ukitaka kumtoa, unaishika kamba badala ya kuingiza mkono katikati ya vichwa. Ukiondoka, kamba ivuliwe, isije ikanasa.

Usingoje mambo yaharibike. Baada ya dakika moja au mbili za mchezo mzuri, waite wote kwa furaha, wakija walipe, wapumue, kisha waambie waendelee. Wanajifunza kwamba kuitwa si mwisho wa raha, na joto halipandi kupita kiasi.

Simba akivuka mpaka, akiendelea kuuma Popi akilia, akimgandamiza, akimzuia asipite, sema neno moja lilelile kila siku, kwa mfano "basi", kwa sauti ya kawaida. Shika kamba, mtoe, muweke nyuma ya kizuizi sekunde 30 hadi dakika 2. Hakuna hotuba, hakuna hasira. Akitulia, arudi. Akirudia, anatoka tena. Akirudia mara ya tatu, mchezo wa leo umefungwa, na huenda amechoka, anahitaji kulala.

Popi akimngurumia Simba ili amwache, usimgombeze Popi. Ngurumo ni onyo, nalo ni adabu. Mbwa aliyenyamazishwa ngurumo hubaki na hisia ileile, ila siku nyingine atauma bila kutangaza. Kama Simba amesikia onyo akarudi nyuma, msifu Simba. Kama hakusikia, ni kazi yako kumtoa.

Wakipigana kweli

Usiingize mikono karibu na vichwa wala usishike mikanda ya shingoni. Hata mbwa mpole humng'ata mtu wake katika hali hiyo bila kujua. Usipige kelele za kuwashangilia bila kutaka, yaani mayowe mfululizo yanayozidi kuwapandisha. Jaribu kishindo kimoja kikubwa cha sufuria, maji ya ndoo, blanketi zito juu ya vichwa, au ingiza kiti, ubao, sinia pana katikati yao. Mkiwa watu wazima wawili, kila mmoja anaweza kumshika mbwa wake miguu ya nyuma juu karibu na mapaja na kurudi kinyumenyume kwa wakati mmoja. Mmoja akiwa amekaza meno kwenye mwili wa mwenzake, usivute, nyama itachanika. Mzuie tu asitikise kichwa mpaka aachie.

Wakiachana, kila mmoja chumba chake, mlango ufungwe. Usiwapatanishe saa hiyohiyo. Wakague kwa vidole chini ya manyoya, hasa shingoni, masikioni na miguuni: tundu la jino juu ya ngozi ni dogo, ndani jeraha huwa refu na huoza haraka, kwa hiyo daktari amwone siku hiyo. Mtu aking'atwa, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja kuona kama litavimba.

Wape siku kadhaa za kutengana. Kuwarudisha pamoja anza nje, watu wawili, kila mmoja na mbwa wake, mkitembea upande mmoja kwa umbali ambao hakuna anayekaza mwili. Sogezeni taratibu, siku kwa siku. Kisha ndani na kizuizi, kisha muda mfupi bila kizuizi, midoli yote ikiwa imeondolewa.

Lini utafute mtu wa kukusaidia

Usingoje ikiwa majeraha yamehitaji kushonwa, ikiwa ugomvi unazidi kukaribiana, ikiwa mmoja ni mdogo sana kwa umbo kuliko mwenzake, au ikiwa nyumbani kuna watoto wadogo. Mbwa hufikia utu uzima wa kijamii kati ya mwaka 1 na miaka 3, na mbwa wa jinsia moja, hasa majike wawili, ndipo wengine huanza kugombana vibaya baada ya utoto wa amani. Mkufunzi unayemchagua aeleze wazi atafanya nini. Akianza na kumkaba mbwa kwa mnyororo au kumlaza chali, tafuta mwingine. Zipo jozi ambazo hata baada ya kazi nzuri haziwezi kukaa pamoja, na kumtafutia mmoja nyumba njema ni uamuzi wa heshima.

Kabla ya kwenda, rekodi kwa simu dakika chache za michezo yao ya kawaida, usiwachochee wagombane ili upate picha. Andika pia katika daftari kila tukio: saa ngapi, sehemu gani, nani alikuwapo, kitu gani kilikuwa karibu, nani alitangulia kuganda, walichukua muda gani kutulia, nani aliumia na wapi. Kurasa mbili za namna hiyo humwonyesha daktari au mkufunzi mengi ambayo mbwa hawatayafanya mbele yake.